Dakika Thelathini na Saba

Asubuhi ya siku ya sita tangu ndege ile itue bila abiria wake pekee, mama mmoja mzee, Inspekta alitandaza ramani juu ya meza ya ofisi ya kiwanja. Pembe moja aliikandamiza kwa kikombe, ya pili kwa kopo la gundi, ya tatu kwa kiatu cha Koplo, aliyekuwa amekivua ili akung'ute chumvi. Ya nne aliishika mwenyewe kwa kiganja. Kituoni kwao walimwita Bibi Rula, wakidhani hajui. Alijua. Na rula yenyewe, ya chuma, ilikuwa mkononi.

"Sentimita thelathini na moja na nukta mbili," alisema. "Kila sentimita ni kilomita kumi. Andika."

Koplo aliandika: kilomita mia tatu na kumi na mbili. Huo ndio umbali kati ya kiwanja cha mlimani, ambako lami yake inaishia kwenye genge, na kiwanja hiki cha chumvi, ambako ndege hutua juu ya uwanda mweupe unaoumiza macho. Kwa barabara, safari hiyo ni siku mbili kama gari ni zima, na magari mazima huko hayaendi.

"Ndege ile inakwenda kilomita mia mbili na arobaini kwa saa," Inspekta aliendelea. "Ilipaswa kufika kwa muda gani?"

Koplo alitafuna kalamu. "Saa moja na... dakika kumi na nane."

"Ilitumia muda gani?"

Jibu halikutoka kwa Koplo. Lilitoka mlangoni. "Saa moja na dakika hamsini na tano. Iliruka saa mbili na dakika kumi asubuhi, ikatua saa nne na dakika tano. Na sekunde ishirini, kama unazitaka."

Aliyesema ni mtoto wa yule mama aliyepotea. Alikuwa fundi wa saa, mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye mabega yaliyoinama kwa kazi ya kuinamia vitu vidogo. Tangu siku ya kwanza alikuja kila asubuhi, akasimama palepale mlangoni, na hakuuliza neno "mwili" hata mara moja. Aliuliza tu, "Mmempata?"

"Bado, kaka yangu," Inspekta alisema. "Ingia ukae."

"Nimekaa siku sita." Lakini aliingia, akakaa. "Mama ana miaka sabini na moja. Nilimtumia tiketi aje atibiwe magoti, kisha nimchukue nyumbani kwangu. Nilikuja na kiti cha magurudumu. Ndege ikatua, rubani akashuka peke yake, akaniambia mama hakupanda, amebaki mlimani kwa jirani. Hakunitazama usoni. Na huko mlimani kila mtu anasema alipanda." Alitazama saa ya mkononi. "Dakika thelathini na saba, Inspekta. Mtu anaweza kuzunguka wapi kwa dakika thelathini na saba, akatupa nini?"

Swali hilo lilikuwa limemlaza rubani mahabusu.

* * *

Mahabusu ya kiwanja ilikuwa stoo ya matairi. Rubani alikuwa amekaa juu ya tairi moja, miguu mirefu imekunjwa kama panzi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, masharubu yameanza kufanya mvi. Watu wote wa viwanja hivi walimwita Kipanga, na kwa miaka ishirini na tatu ya kurusha ndege hakuwahi kuangusha hata kuku wa abiria.

"Umelala, kaka?"

"Nimelala, Afande. Matairi hayana kunguni."

Inspekta alijivutia kreti, akakaa. "Twende tena. Kwa nini ulichelewa?"

"Upepo. Ulinikaba kutoka mbele."

"Ili upepo ukucheleweshe kiasi hicho, ni lazima uwe wa karibu kilomita themanini kwa saa. Upepo huo unang'oa mabati. Siku hiyo soksi ya upepo hapa nje ilikuwa imelala kama mkia wa ng'ombe aliyeshiba. Mwongoza ndege ameandika neno moja: shwari."

Kipanga alitazama vidole vyake.

"Ulisema mama hakupanda. Mpima mizigo wa mlimani anasema alimpima. Kilo hamsini na moja."

"Kila mtu na macho yake, Afande."

"Mizani haina macho."

Huko nje mtu alikuwa akiburuta ngazi juu ya chumvi. Koplo, aliyesimama mlangoni, hakuweza kuvumilia. "Mzee, la kuvunda halina ubani! Mtoto wa mama wa watu analia pale. Sema tu ulipomtupa!"

Kipanga aliinua uso haraka, na kilichokuwa humo hakikuwa hofu. Kilifanana zaidi na uso wa mtu aliyesingiziwa ameiba msikitini. Akafunga mdomo. Kisha, kwa upole, akauliza, "Leo ni siku ya ngapi tangu nitue?"

"Ya sita."

Midomo yake ilicheza kidogo, kidole gumba kikapita juu ya vidole vinne. Inspekta aliviona vile vidole. Aliwahi kuwaona mahabusu wengi wakihesabu siku walizokaa. Huyu alihesabu zilizobaki.

"Unangoja nini, kaka?"

"Kungoja si kosa, Afande."

"Si kosa," Inspekta alikubali, akainuka.

* * *

Fundi wa ndege aliwakuta wakimngoja chini ya bawa, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo. Alikuwa mama mfupi, mikono imejaa grisi hadi viwiko, na alizungumza na ndege zaidi ya alivyozungumza na watu.

"Koplo wangu anaamini kwamba rubani alizunguka angani," Inspekta alimwambia. "Alitoka njiani, akaenda juu ya maji, akarudi. Ndege yenyewe inasemaje?"

"Ndege haisemi uongo. Haijafundishwa." Fundi alipanda, akafungua mlango, akawaonyesha saa ndogo chini ya usukani, yenye tarakimu zinazojiviringisha. "Hii si ya kuonyesha saa ngapi. Hii inahesabu saa za injini. Injini ikizunguka, nayo inakwenda. Injini ikizimwa, inalala."

"Iko kwenye ngapi?"

"Elfu nne mia moja na saba, nukta nane. Na kwenye daftari, kabla ya kuondoka mlimani, aliandika elfu nne mia moja na sita, nukta tatu. Kwa mkono wake."

"Tofauti ni moja na nusu," alisema Inspekta polepole. "Saa moja na nusu. Dakika tisini."

"Ndiyo hivyo."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Toka kuruka hadi kutua ni dakika mia na kumi na tano. Injini ilizunguka dakika tisini. Zile nyingine ishirini na tano?"

Koplo alitazama juu, kama anayetafuta ndege iliyozimwa huko mawinguni. "Injini... ilikuwa imezimwa."

"Unaweza kuzima injini angani dakika ishirini na tano, mama?"

Fundi alicheka hadi akashika bawa. "Mara moja tu."

"Basi hakuzunguka. Alitua." Inspekta aliinama kwenye gurudumu la mbele. "Na hii nini?"

"Aa, nilitaka kukwambia. Miiba. Nimetoa minne. Mlimani ni lami, hapa ni chumvi. Hapa hata nyasi hazioti, sembuse mwiba."

Koplo aliandika kwa kasi, na safari hii hakutoa nadharia yoyote.

Walirudi ofisini, Inspekta akaita mlimani kwa redio. Sauti ya mpima mizigo ilikuja ikikwaruza.

"Yule mama alikuwa na mzigo gani? Nisomee kila kitu."

"Kilo ishirini na tatu, Afande. Ndoo mbili za plastiki. Sabuni za kufulia, miche kumi. Blanketi mbili. Dawa za macho, boksi moja. Na mfuko wa mbegu, za mchicha na nyanya. Nilimtania, nikamwambia bibi, hospitali unakwenda kulima? Akaniambia, mwanangu, pima mzigo, mdomo nitaubeba mwenyewe."

Inspekta aliweka kipaza sauti chini. Alivuta daftari la Koplo, akaipitia orodha ile tena.

"Mtu anayekwenda kutibiwa magoti," alimwambia Koplo, "habebi mbegu za nyanya. Nyanya inataka miezi mitatu."

"Alikuwa anahamia mahali."

"Na alijua anahamia, kabla hajapanda. Sasa wapi?" Rula ilirudi kwenye ramani. "Angetoka mbali nje ya mstari, injini ingezunguka zaidi. Toa kutua, toa kuruka tena, toa kutembea uwanjani kwenye vituo vyote. Zinabaki dakika zilezile za safari iliyonyooka. Kwa hiyo alitua kwenye mstari wenyewe au kando yake kidogo tu."

Ukucha wake ulifuata chuma, kilomita kumi, hamsini, mia. Kwenye kilomita mia na arobaini kutoka mlimani ulisimama. Palikuwa na kialama cha ndege, kimekatwa kwa msalaba mwekundu. Kituo cha kupima hali ya hewa. Kimefungwa, miaka kumi na moja sasa.

Fundi wa saa alikuwa ameinuka kitini. Alikitazama kidole cha Inspekta kama mtu anayetazama nyoka.

"Hapo," alisema, "ndipo alipozikwa baba."

"Nani anaishi hapo sasa?"

"Hakuna mtu." Akakaa tena. "Yuko shangazi yangu."

* * *

Habari hiyo aliieleza ndani ya ndege, maana alikataa kubaki. Rubani kijana aliyeazimwa siku hiyo aliendesha kimya, Koplo akafumba macho tangu wanaruka na kuomba dua zote alizofundishwa utotoni, na fundi wa saa akasema, akipaza sauti juu ya mngurumo.

Baba yake alikuwa mlinzi wa kituo kile, na dada wa baba ndiye aliyekuwa akipima upepo na kuzungumza na marubani kwa redio. Mama aliishi nao miaka mingi, yeye na wifi yake jiko moja. Watoto walisomea mbali. Kisha baba akafa ghafla, wakati wa joto kali. Redio ikatangaza, lakini hakukuwa na ndege kwa siku tano.

"Nilituma ujumbe waningoje. Nilikodi gari, likaharibika, nikatembea. Nilifika siku ya sita. Shangazi alishamzika siku ya pili." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi ni mtoto wa kwanza, Inspekta. Nilikuta udongo. Nilimwambia shangazi maneno ambayo hayarudishiki. Nikamchukua mama, nikampangia nyumba mlimani, nikamwambia, nyumba ya yule mwanamke hutaikanyaga tena nikiwa hai."

"Naye alisemaje?"

"Mama? Hakusema kitu. Kila mwaka ananiuliza mara moja, na kila mwaka nakataa."

Inspekta aliangalia saa yake: dakika arobaini na tatu tangu chumvi. Chini, vichaka vya miiba vilifunguka, na ukanda wa ardhi ukaonekana, umefyekwa upya pande zote mbili.

Walipotua, vumbi lilipotulia, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kamba ya nguo. Magauni mawili, moja refu na moja fupi. Kisha tuta jipya la mboga, ndoo mbili za plastiki kando yake, na mama mmoja mfupi aliyeegemea jembe, akiwatazama kwa mkono juu ya macho.

"Mama!" Fundi wa saa alishuka kabla pangaboi halijasimama vizuri, akakimbia. Kisha, hatua tatu kabla ya kumfikia, akasimama ghafla, mikono ikining'inia. "Mama. Uko hai."

"Nisiwe hai kwa nini? Kwa magoti?" Mama alimtazama, akawatazama wale wenye sare nyuma yake. "Nani kawaambia? Rubani?"

"Rubani hajafungua mdomo, mama," alisema Inspekta. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mwanaume wa ahadi, yule."

"Yuko ndani siku ya sita."

"Ndani ya nini?"

"Mahabusu. Kwa kukuua wewe."

Jembe lilianguka. Mama alikaa chini palepale kwenye tuta, magoti mabovu na yote. "Kuniua mimi? Mtu aliyenibebea ndoo zangu hadi mlangoni? Akampaka wifi dawa kwa mkono wake, akanywa maji, akaondoka?" Akashika kichwa. "Mimi nilimwambia, nipe siku kumi tu. Sema sikupanda, nimebaki kwa jirani. Nitatulia, nitaandika barua, utampelekea mwanangu. Hapa simu haishiki, mwanangu. Mimi nitajuaje ya huko?"

"Kwa nini akukubalie? Uwanja huu umefungwa. Anaweza kunyang'anywa leseni."

"Muulize kimbunga cha vumbi. Siku moja rubani alikuwa hewani, haoni mbele wala nyuma, na wifi yangu akamshusha hapa kwa sauti tu, kwenye redio. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kama anamfundisha mtoto kutembea. Tangu hapo hupita na chumvi, kiberiti, anachopata. Yeye ndiye aliyeniletea habari mlimani." Alishusha sauti. "Aliniambia, mama, wifi yako haoni tena."

Inspekta alifungua daftari. Hapo hapo, juu ya tuta la mchicha, alifanya kazi yake.

"Mama, ulipanda ndege ile kwa hiari yako?"

"Kwa miguu yangu."

"Na ulishuka hapa kwa hiari yako?"

"Kwa furaha yangu. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Mama akaweka sahihi yake, herufi moja moja, akiisoma kwa sauti ndogo. Koplo alitumwa kwenye redio ya ndege: rubani afunguliwe mlango, apewe chai, na aambiwe kwamba mama mwenyewe amesema. Yatabaki makosa mawili, kutua kwenye uwanja uliofungwa na kumdanganya askari. "La pili ni langu," alisema Inspekta, "na nitaliandika kwa wino hafifu. La kwanza nitaeleza kilichomfanya atue."

Fundi wa saa hakuwa amesogea. "Ungeniambia, mama."

"Nilikuambia mara kumi na moja."

"Ungeniambia kwamba ni kipofu!"

"Ningekuambia ili umwonee huruma? Hataki huruma yako. Wifi yule alinipokea jikoni nikiwa msichana nisiyejua kuwasha moto. Watu wanasema mawifi ni paka na panya. Mimi na yeye tulimwosha baba yako pamoja, ndoo kwa ndoo, siku mbili, tukingoja ndege. Joto lile, mwanangu! Siku ya pili nilimwambia mimi, siyo yeye. Mimi nilisema, tumzike, mwanangu asimkute baba yake hivi." Aliokota jembe lililoanguka. "Ulipokuja na maneno yako, akanikanyaga mguu ninyamaze. Akayabeba yote. Akasema, mtoto akimchukia shangazi atapona, akimchukia mama hatapona."

Koplo, aliyekuwa akirudi kutoka kwenye ndege, aligeuka akaenda kutazama magurudumu.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mwanamke mrefu, mkavu, alisimama kizingitini, kitambaa cheupe kimefungwa juu ya macho. Mkono mmoja ulishika fremu.

"Wifi," aliita, "mbona ndege imetua na wewe hulii wala hucheki? Wageni gani hao?"

Inspekta alifunga daftari lake. Haikuwa kazi yake tena.

Fundi wa saa alitembea hadi kizingitini. "Ni mimi, shangazi."

Yule mwanamke aligeuza uso kuelekea sauti. Kwa kitambo kirefu mkono wake ulibaki kwenye fremu. Kisha ukatoka, ukapapasa hewa, ukampata begani, ukashuka hadi kwenye kiwiko.

"Umekonda," alisema. "Hao unaotengeneza saa zao hawakulipi chakula?"

Alilia kama mtoto, mtu mzima yule, kichwa kimeinama. Shangazi alimwacha alie. Hakumbembeleza wala hakumkataza. Alipotulia, aliuliza kitu ambacho Inspekta, kwa umbali ule, alikisoma midomoni kuliko kukisikia.

"Kaburi liko wapi, shangazi? Nilisahau. Siku ile sikutazama vizuri."

"Njoo."

Alimshika mkono, kipofu akamwongoza mwenye macho. Walipita tuta la mboga, wakapita kamba ya nguo, hatua za shangazi zikiwa sawasawa, za mtu anayepita njia hiyo kila siku. Penye mstari wa mawe meupe alisimama, akamvuta mpwa wake taratibu kwa kiwiko, akamzungusha upande wa pili.

"Simama hapa, kulia," alimwambia. "Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu. Haya. Msalimie."